Rubani Anapokwepa Ndege Nyingine: Mambo Ambayo Abiria Anapaswa Kuyajua

Anga iliyo juu ya wilaya ya Kilosa haina vibao vya barabarani, lakini ina njia zake. Ndege zinazotoka Dar es Salaam kwenda Iringa na Mbeya hupita jirani na Mikumi, zile za Dodoma hupita kaskazini zaidi, na ndege ndogo za watalii hutua na kuruka katika kiwanja kilichomo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Mkulima wa vitunguu wa Lumuma anayezisikia leo zikivuma juu ya milima ya Rubeho, kesho huenda akawa abiria katika mojawapo, akisafiri kwa matibabu, kwa msiba au kwa biashara.

Swali la kwanza la msafiri wa namna hiyo ni la haki: ikiwa ndege ni nyingi na anga ni moja, ni nini kinachozuia zisigongane? Swali la pili huulizwa mara chache, ingawa ndilo linalomgusa abiria mwenyewe: rubani akilazimika kukwepa ghafla, mimi niliyeketi nyuma natakiwa kufanya nini? Katika makala hii tunayajibu maswali yote mawili, kisha tunaeleza haki za abiria aliyeumia katika tukio la namna hiyo.

Ndege hutenganishwaje angani

Kinga ya kwanza ni mpangilio wa kimo. Kwa kanuni za kimataifa, ndege inayoelekea upande wa mashariki hupewa kimo cha maelfu witiri ya futi, na ile inayoelekea magharibi hupewa kimo cha maelfu shufwa. Ndege inayotoka Dar es Salaam kwenda Dodoma inaweza kupangiwa futi 18,000, na inayorudi ikapangiwa futi 19,000. Zikikutana, moja hupita juu ya nyingine kwa nafasi ya futi 1,000, yaani takriban mita 300. Tangu tarehe 25 Septemba 2008, nafasi hiyo ya futi 1,000 inatumika barani Afrika hata katika anga ya juu, kati ya futi 29,000 na 41,000, ambako zamani ilikuwa futi 2,000. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu vipimo vya kimo vya ndege za kisasa ni sahihi zaidi.

Kinga ya pili ni mwongoza ndege. Huyu ndiye anayetoa ruhusa ya kuruka, kupanda, kushuka na kutua, naye huzungumza na marubani kwa redio. Mradi ulioanza mwaka 2017 chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) uliipatia nchi rada nne za kuongozea ndege za kiraia, katika viwanja vya Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Mahali ambapo rada inafika, mwongoza ndege huiona ndege kwenye kioo chake. Mahali ambapo haifiki, huitegemea taarifa ya rubani: nipo hapa, kwa kimo hiki, nitafika pale saa fulani.

Kinga ya tatu ni macho ya rubani. Kinga hii ni ya lazima, lakini ina mipaka. Umbali wa moja kwa moja kati ya mji wa Kilosa na mji wa Mikumi ni takriban kilomita 60. Ndege mbili kubwa zinazoelekeana, kila moja ikienda kilomita 850 kwa saa, zingeumaliza umbali huo kwa dakika mbili na sekunde chache tu. Sekunde ishirini kabla ya kukutana, zingekuwa bado zimeachana kwa zaidi ya kilomita tisa, na kwa umbali huo ndege huonekana kama kitone. Usiku au ndani ya wingu, haionekani kabisa.

Kwa sababu ya mipaka hiyo ndipo ikawekwa kinga ya nne.

Mtambo unaomwambia rubani apande au ashuke

Ndege kubwa za abiria hubeba mtambo wa kuzuia mgongano, ujulikanao kwa kifupi kama TCAS. Ndege nyingi zina kifaa kiitwacho transponda, ambacho kikiulizwa kwa mawimbi ya redio hujibu kwa kutaja kimo cha ndege. Mtambo huziuliza transponda za ndege zilizo karibu na kupokea majibu mfululizo, kisha hupiga hesabu: je, tukiendelea hivi, tutakutana?

Jibu likiwa ndiyo, mtambo huchukua hatua mbili. Kwanza humtahadharisha rubani kwamba kuna ndege karibu. Hatari ikizidi, zikiwa zimebaki sekunde kati ya 15 na 35 hivi, hutoa amri kwa sauti: panda, au shuka. Ndege zote mbili zikiwa na mtambo huo, mitambo huwasiliana yenyewe na kugawana amri, moja ikipanda na nyingine ikishuka. Rubani hutakiwa kuanza kutii ndani ya sekunde tano, kisha humjulisha mwongoza ndege. Tangu hapo mwongoza ndege hatoi amri inayoipinga ile ya mtambo, mpaka rubani atoe taarifa kwamba hatari imepita.

Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) zinautaka mtambo huu katika ndege za injini za tabini zenye uzito wa zaidi ya kilo 5,700 wakati wa kuruka, au zilizoruhusiwa kubeba abiria zaidi ya 19.

Somo lililotoka Japani na Ujerumani

Kanuni ya kuutii mtambo kwanza ilipatikana kwa gharama kubwa.

Tarehe 31 Januari 2001, ndege mbili za shirika la Japan Airlines zilikaribiana katika anga ya mkoa wa Shizuoka. Moja, Boeing 747 yenye watu 427, ilikuwa ikitoka Tokyo kwenda Naha. Nyingine, DC-10 yenye watu 250, ilikuwa ikitoka Busan kwenda Tokyo. Mwongoza ndege aliyekuwa mafunzoni alikusudia kuiamuru DC-10 ishuke, lakini akataja namba ya safari ya ile Boeing. Rubani wa Boeing akaanza kushuka. Mtambo wake ukamwamuru apande, naye akaendelea kuifuata sauti ya redio. Wakati huohuo mtambo wa DC-10 ulikuwa umeiamuru ishuke, nayo ikashuka. Ndege zote mbili zikawa zinateremka kuelekea mahali pamoja.

Kilichookoa watu 677 ni macho ya marubani. Walionana, na yule wa Boeing akaiinamisha ndege yake kwa nguvu. Zilipishana kwa takriban mita 135. Hapana aliyekufa, lakini ndani ya Boeing watu 100 walijeruhiwa, tisa kati yao vibaya. Wakati huo wahudumu walikuwa wakitoa vinywaji. Watu waliokuwa wamesimama na wale ambao hawakufunga mikanda walirushwa juu, pamoja na vitu visivyofungwa.

Mwaka uliofuata, kosa la aina hiyohiyo halikupata msamaha. Usiku wa tarehe 1 Julai 2002, juu ya mji wa Überlingen nchini Ujerumani, ndege ya abiria ya Urusi aina ya Tupolev 154 iligongana na ndege ya mizigo ya DHL aina ya Boeing 757. Mwongoza ndege aliyekuwa Zurich, akihudumia vituo viwili peke yake, aliigundua hatari kwa kuchelewa na kuiamuru Tupolev ishuke. Mtambo wa Tupolev uliiamuru ipande. Mtambo wa Boeing uliiamuru ishuke, nayo ikatii. Marubani wa Tupolev waliifuata amri ya mwongoza ndege. Watu wote 71 waliokuwa ndani ya ndege hizo walikufa, wengi wao wakiwa watoto wa shule.

Baada ya msiba huo, kanuni za kimataifa ziliwekwa wazi pasipo kuacha nafasi ya shaka: amri ya mtambo na amri ya redio zikipingana, rubani aufuate mtambo.

Yaliyotokea katika ukanda wetu

Faida ya kanuni hiyo imeonekana pia Afrika Mashariki. Tarehe 24 Machi 2024, ndege ya Qatar Airways iliyokuwa ikitoka Doha kwenda Entebbe ilikaribiana na ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kwenda Dubai. Tukio hilo, lililotangazwa na mamlaka ya anga ya Somaliland, lilitokea katika anga ambayo Mogadishu na Hargeisa zimekuwa zikigombania haki ya kuiongoza, kiasi kwamba marubani walionywa kuwa huenda wakasikia kwenye redio sauti mbili zinazotoa maelekezo yanayopingana. Ndege zilikwepana baada ya mitambo ya tahadhari kulia, na abiria wakafika salama. Pale ambapo wanadamu hawakubaliani nani atoe amri, mtambo uliomo ndani ya ndege hubaki kuwa kinga isiyo na upande.

Hata hivyo mtambo hauwezi kila kitu, na msafiri wa ndege ndogo anapaswa kulijua hilo. Asubuhi ya tarehe 5 Machi 2024, ndege ya abiria ya Safarilink aina ya Dash 8 iliruka kutoka kiwanja cha Wilson jijini Nairobi kwenda Diani, ikiwa na abiria 39 na wafanyakazi watano. Muda mfupi baadaye iligongana na ndege ndogo ya mafunzo aina ya Cessna 172. Marubani wa Dash 8, baada ya kusikia kishindo, waligeuza ndege na kutua salama Wilson. Mwalimu na mwanafunzi waliokuwa ndani ya Cessna walikufa, na mabaki ya ndege yao yaliangukia katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi.

Karibu na kiwanja, mambo huwa tofauti na yalivyo katika anga ya juu. Ndege za kasi mbalimbali, za abiria, za mafunzo na za watalii, hukusanyika katika eneo dogo. Amri za kupanda na kushuka za mtambo huzimwa ndege inapokuwa chini sana karibu na ardhi, kwa kuwa kuiamuru ishuke hapo kungekuwa hatari nyingine. Aidha, ndege nyingi ndogo hazilazimiki kubeba mtambo huo. Cessna Caravan, ambayo ni ya kawaida katika safari za mbugani na visiwani, iko chini ya kiwango cha kilo 5,700 na cha abiria 19. Mahali kama hapo kinga kuu ni nidhamu ya redio, transponda iliyowashwa, uangalifu wa mwongoza ndege pale alipo, na macho ya rubani.

Hatusemi haya ili kumtisha mtu asipande ndege ndogo. Tunasema ili abiria afahamu kwa nini rubani wake hapaswi kusumbuliwa kwa mazungumzo wakati wa kuruka na kutua, hata kama ameketi hatua moja tu kutoka kwake. Dakika hizo ndizo anazozihitaji kwa kusikiliza na kutazama.

Sehemu ya abiria: mkanda

Katika kinga zote tulizozitaja, abiria hana mkono. Hachagui kimo, hasikii redio, wala hauoni mtambo. Kinga moja tu imewekwa mikononi mwake, nayo ni mkanda wa kiti.

Mara nyingi rubani anapotii amri ya mtambo, mwendo wa ndege hubadilika taratibu kiasi kwamba abiria aliyelala haamki. Lakini hatari ikiwa karibu mno, kama ilivyokuwa Japani, ndege huweza kuinama ghafla. Hapo mwili wa mtu asiyefunga mkanda hubaki juu wakati sakafu inashuka, naye hugonga dari. Ndege ikiinuka tena, huanguka juu ya viti au juu ya wenzake. Rubani hawezi kumsubiri mtu afunge mkanda, kwa kuwa sekunde tano alizonazo zote ni za usukani. Hatangazi kwanza. Tangazo huja baadaye.

Kwa hiyo tunakushauri yafuatayo:

1. Funga mkanda muda wote uketipo, hata taa ya mkanda ikizimwa. Kuzimwa kwa taa ni ruhusa ya kuinuka ukiwa na haja; mkanda uendelee kufungwa kwa aliyeketi.

2. Mkanda ukae chini, juu ya mifupa ya nyonga, ukiwa umebana kiasi. Mama mjamzito auweke chini ya tumbo.

3. Mtoto mchanga anayepakatwa asifungwe pamoja nawe ndani ya mkanda mmoja, wala usitegemee khanga au mikono yako. Uzito wako ungemkandamiza, na mikono haina nguvu ya kumzuia. Mwombe mhudumu mkanda wa mtoto unaounganishwa na wako, na ukifika mapema uliza pia kuhusu kiti chake.

4. Weka mizigo mizito chini ya kiti cha mbele au katika kabati lililofungwa. Chupa na simu iliyo kwenye meza huwa kombora ndege inapoinama.

5. Ukiwa umesimama na ndege ikaanza kuyumba, keti kwenye kiti chochote kilicho karibu na ufunge mkanda. Pasipokuwa na kiti, keti sakafuni na ushike mguu wa kiti. Usikimbilie nafasi yako.

6. Katika ndege ndogo isiyo na mhudumu, msikilize rubani anapotoa maelezo kabla ya kuruka. Akisahau, mwombe ayatoe. Ni haki yako kujua mkanda unavyofungwa, mlango unavyofunguliwa na mahali yalipo maboya.

Unaponunua nafasi katika ndege ya kukodi, kwa mfano ya kwenda Mikumi au Zanzibar, muulize muuzaji ni kampuni gani itakayorusha ndege, na kama ina cheti na leseni ya TCAA ya kubeba abiria kwa malipo. Wakala mwaminifu hujibu swali hilo bila kusita. Anayelikwepa, mkwepe.

Ukiumia: haki zako na wajibu wako

Safari ya kimataifa inatawaliwa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania ni mwanachama wake. Tiketi moja ya Dodoma hadi Dubai kupitia Dar es Salaam huhesabiwa yote kuwa safari ya kimataifa, pamoja na kipande chake cha ndani. Safari ya ndani pekee huongozwa na sheria za nchi na masharti yaliyoandikwa katika tiketi, ndiyo maana tunasisitiza tiketi isomwe na itunzwe.

Chini ya Mkataba huo, abiria aliyeumia mwili kwa ajali iliyotokea ndani ya ndege anastahili fidia ya hasara aliyoithibitisha. Hadi kiwango cha SDR 151,880, kinachotumika tangu tarehe 28 Desemba 2024, shirika la ndege haliwezi kujitetea kwa kusema tu kwamba halikuzembea. SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, na thamani yake kwa shilingi hubadilika kila siku. Juu ya kiwango hicho, shirika linaweza kujinasua likithibitisha kwamba halikuzembea, au kwamba madhara yalisababishwa na mwingine pekee.

Yako mambo matatu ambayo abiria wengi huyajua wakiwa wamechelewa.

Kwanza, Mkataba unalipia madhara ya mwili. Hofu peke yake, hata ikiwa kubwa, kwa kawaida haimpi mtu fidia.

Pili, abiria akichangia madhara yake kwa uzembe wake, fidia yaweza kupunguzwa au kufutwa. Aliyeagizwa kufunga mkanda akakaidi, atakuwa amelipa shirika hoja ya kumpinga. Mkanda basi hulinda mwili, na hulinda pia madai.

Tatu, haki ya kufungua shauri hufa baada ya miaka miwili tangu siku ndege ilipofika au ilipotakiwa kufika. Mazungumzo na barua havisimamishi kuhesabiwa kwa muda huo.

Ukiumia, mjulishe mhudumu kabla ya kushuka na uombe tukio liandikwe. Tunza tiketi na kadi ya kuingilia ndegeni. Andika siku hiyohiyo namba ya safari, namba ya kiti, saa na yaliyotokea. Nenda hospitali mapema na uhifadhi taarifa ya daktari pamoja na risiti zote. Peleka dai lako kwa shirika la ndege kwa maandishi na ubaki na nakala. Usiporidhika na jibu, au usipojibiwa, peleka malalamiko TCAA. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, ambalo kazi yake ni kusimamia maslahi ya abiria.

Huenda hukuumia, lakini uliona ndege nyingine ikipita karibu isivyo kawaida. Taarifa yako bado ina thamani. Ndege kukosakosa kugongana huhesabiwa kuwa tukio kubwa linalostahili kuchunguzwa, na shabaha ya uchunguzi wa namna hiyo ni kuzuia lisijirudie. Taja tarehe, saa, njia ya safari na ulichokiona kwa macho yako, bila kukadiria usichokijua. Kanuni ya kuutii mtambo, inayowalinda abiria leo, ilitokana na watu waliochunguza kwa makini yaliyotokea na kuyaandika.

Kwa ufupi, kazi ya kuzitenganisha ndege ni ya rubani, mwongoza ndege na mtambo. Kazi ya abiria ni ndogo, haina gharama, na hakuna mwingine awezaye kuifanya kwa niaba yake: aketi, afunge mkanda, na auache umefungwa mpaka ndege isimame.